Tarakimu na Mtu: Dhidi ya Upimaji wa Majemadari katika Michezo ya Ubao ya Vita vya Napoleon

Kuna usemi wa Wellington ambao ni vigumu kumpata mbunifu wa michezo ya vita asiyeujua: kwamba kuwapo kwa Napoleon vitani kulikuwa na uzito wa askari 40,000. Usemi huo umerudiwa katika vitabu vya historia na katika mabishano ya wachezaji hadi umefanana na kipimo kilichotoka kwenye mizani. Si ajabu kwamba unapendwa. Unampa mbunifu kibali cha kutenda jambo ambalo kazi yake inamlazimisha kulitenda, yaani kumchukua mtu mzima, pamoja na maradhi yake, wasaidizi wake, hofu zake na bahati zake, na kumwandika kwa tarakimu moja. Iwapo Wellington alikusudia kutoa kipimo au la ni suala litakalorejelewa baadaye. Kwa sasa yatosha kusema kwamba wanaomtaja aghalabu hawajamsikiliza hadi mwisho.

Michezo inayozungumziwa hapa ni ile ya ubao inayoigiza vita vilivyoitikisa Ulaya kuanzia miaka ya mwisho ya karne ya 18 hadi mwaka 1815. Ubao ni ramani. Majeshi ni kete za kadibodi. Bahati huingizwa kwa dadu. Na matokeo ya pigano husomwa kwenye jedwali. Baadhi ya kete hizo si vikosi bali ni watu: Napoleon, Davout, Ney, Kutuzov, Blücher, Mwanamfalme Charles wa Austria. Juu ya kete ya aina hii huchapishwa namba. Katika War and Peace, mchezo uliobuniwa na Mark McLaughlin na kutolewa na kampuni ya Avalon Hill ya Marekani mwaka 1980, namba ya jemadari huingia moja kwa moja katika hesabu ya pigano. Katika Empires in Arms, mchezo wa Harry Rowland na Greg Pinder uliotolewa kwanza Australia mwaka 1983, jemadari ana namba tatu: ya mkakati, ya mbinu za uwanjani, na ya ukubwa wa jeshi analoweza kuliongoza bila kulemewa, pamoja na herufi inayoonyesha ukuu wake mbele ya wenzake. Kanuni zinatofautiana, lakini kitendo ni kimoja: kabla dadu haijarushwa, mtu amekwisha kuhukumiwa.

Yamkini mhakiki wa fasihi atauliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu kitendo hicho ni usawiri wa mhusika. Mbunifu husoma maisha ya mtu, huchagua matendo fulani na kuyaacha mengine, huyapa maana, kisha huyafupisha kuwa sifa. Ndivyo afanyavyo mtunzi wa riwaya, na ndivyo alivyofanya mtunzi wa utenzi. Tofauti ni kwamba mtunzi wa riwaya hulazimika kumwonyesha mhusika akitenda ndipo msomaji amhukumu, ilhali mbunifu hutoa hukumu kwanza, kisha matendo yote ya mhusika yakachipuka kutoka katika hukumu hiyo. Dai linalotetewa hapa ni kwamba namba ya kudumu inayobandikwa kwa mtu ni usawiri mbovu na, kwa sababu hiyo hiyo, ni historia mbovu. Na kwamba kinachoifanya iaminike si ukweli wake bali ni sura yake ya kihesabu.

E. M. Forster alipotofautisha wahusika bapa na wahusika duara mwaka 1927, alikuwa akitumia sitiari. Katika mchezo wa ubao sitiari hiyo imekuwa kitu cha kushikwa mkononi: mhusika bapa amekatwa kwa kadibodi. Wala isidhaniwe kwamba ugonjwa huu uko mbali na madarasa ya Kiswahili. Mwanafunzi wa shule ya upili anayeulizwa sifa za mhusika naye huandika orodha, jasiri, mwenye tamaa, katili, na kila neno likapata alama yake ya mtihani. Miongozo ya vitabu vya kutahiniwa imejaa orodha hizo. Baadaye mwanafunzi huyo huyo hufika chuo kikuu akiwa ameamini kwamba sifa ni mali ya mhusika, kama vile shati ni mali ya mvaaji, wala si jambo linalozuka baina ya mhusika na wenzake, mahali na wakati. Mbunifu wa michezo ya vita amefanya kosa hilo hilo, ila yeye amelifanya kwa tarakimu, na tarakimu haionekani kuwa maoni.

Hesabu inayojithibitisha

Watetezi wa namba husema kwamba hazitokani na maoni bali na matokeo. Hoja yao yafaa kufuatwa hatua kwa hatua. Mbunifu huandaa ramani ya Austerlitz na kuyapanga majeshi yalivyokuwa asubuhi ya tarehe 2 Desemba 1805. Huchezesha pigano mara kadhaa na kuona kwamba Warusi na Waaustria hawashindwi inavyopasa. Basi huiongeza namba ya Napoleon, au huzipunguza za wapinzani wake, mpaka matokeo yakaribiane na yale ya historia. Hapo mchezo hutangazwa kuwa umejaribiwa na kuonekana sahihi. Mchezaji naye huuona ukitoa matokeo anayoyajua na kuhitimisha kwamba namba ya Napoleon imethibitika. Namba imewekwa ili ilete jibu, kisha jibu limeitwa kuitolea namba ushahidi. Mhakiki ambaye angeeleza kwamba mhusika alishinda kwa kuwa ni shujaa, na kwamba ushujaa wake unathibitishwa na kushinda kwake, angerudishiwa makala yake siku hiyo hiyo.

Mduara huu haukuanzia wala haukuishia kwenye ubao. Trevor N. Dupuy, katika kitabu chake Numbers, Predictions, and War cha mwaka 1979, alijaribu kuvipima vita kwa kanuni za hesabu, hasa vita vya karne ya 20. Pale ambapo idadi ya askari, silaha, ardhi na mengineyo havikutosha kueleza matokeo, kilichobaki aliita ubora wa jeshi katika kupigana. Kilichobaki kilipewa jina na jina likageuka kuwa sababu. Mwaka 2017 ulitokea uchambuzi wa takwimu uliowapanga majemadari wa nyakati zote kwa kipimo kilichoazimwa kutoka mchezo wa besiboli, kwa kutumia orodha za mapigano za Wikipedia. Napoleon akawa wa kwanza kwa mbali. Msingi wa hesabu hiyo ulikuwa idadi ya askari wa kila upande na jina la aliyeongoza. Njaa haikuwamo, barabara hazikuwamo, wala maofisa walioziandika amri na kuzipeleka hawakuwamo. Almuradi kila kisichohesabika kiliwekwa kichwani mwa mtu mmoja, na baadaye kichwa hicho kikastaajabiwa kwa ukubwa wake.

Clausewitz alikwisha kuionya njia hii mapema. Katika kitabu chake kuhusu vita, kilichochapishwa mwaka 1832 baada ya kifo chake, alikitengea uhakiki sura nzima, na humo, akiichambua kampeni ya 1814, alisisitiza kwamba haitoshi kujua uamuzi ulileta nini. Ni lazima njia nyingine zilizokuwapo nazo zipimwe. Napoleon alikuwa amempiga Blücher mara nne kati ya tarehe 10 na 14 Februari, huko Champaubert, Montmirail, Château-Thierry na Vauchamps, kisha akamwacha na kumgeukia Schwarzenberg. Kwa mwenye kuhesabu ushindi, hizo ni alama nne. Kwa Clausewitz swali lilikuwa kama ilifaa kumwacha Blücher kabla hajamalizika. Inasikitisha kwamba mwanajeshi huyo, aliyekuwa mwenyewe katika vita hivyo, alikuwa mhakiki bora kuliko wengi wanaomtaja katika utangulizi wa vijitabu vya kanuni.

Kinachopotea katika kuhesabu huonekana wazi zaidi tarehe 14 Oktoba 1806. Siku hiyo Prusia ilipigwa mara mbili. Napoleon, akiwa Jena, aliamini kwamba jeshi kuu la adui liko mbele yake. Halikuwako. Lilikuwa Auerstedt, ambako Davout, mwenye askari wapatao 27,000, alilikabili jeshi lililomzidi karibu mara mbili na akalishinda. Bernadotte, kati ya wawili hao, hakufika kwenye pigano lolote kwa wakati. Ushindi wa siku hiyo ni wa nani? Kwa kawaida mapigano hayo mawili huandikwa kwa jina moja la Jena-Auerstedt na kuingizwa katika hesabu ya Napoleon. Mbunifu mwangalifu atampa Davout namba ya juu, na hilo ni haki. Lakini je, Napoleon atapunguziwa chochote kwa kutojua adui yuko wapi? Hapunguziwi. Na kuna sababu nzuri ya kutompunguzia: mpangilio wa vikosi vikuu vinavyotembea mbalimbali, kila kimoja kikiweza kupigana peke yake kwa siku nzima, ndio uliolifanya kosa la mtu mmoja lisiwe maangamizi ya jeshi zima. Iwapo ni hivyo, kilichoshinda kwa sehemu kubwa ni mpangilio, na mpangilio hauna kete.

Katika jambo hili kuna upendeleo ambao si wa hesabu hata kidogo. Mchezo unaoanza mwaka 1805 unaiacha nje vita ya Haiti, ambako jeshi lililotumwa na Napoleon lilishindwa. Leclerc alikufa kwa homa ya manjano Novemba 1802; Rochambeau aliyemrithi alipigwa huko Vertières tarehe 18 Novemba 1803; na tarehe 1 Januari 1804 Dessalines alitangaza uhuru. Mwaka wa kuanzia umechaguliwa kwa sababu za Ulaya na hauna ubaya wenyewe. Linalostahili kuangaliwa ni jinsi ushindi huo unavyozoeleka kuelezwa pale unapotajwa: ni homa iliyoshinda. Mshindi anapokuwa mtu aliyekuwa mtumwa, ushindi hupewa mbu. Mshindi anapokuwa Napoleon, hupewa akili yake, hata kama ukungu wa Austerlitz uliwaficha askari wake bondeni hadi saa aliyoihitaji. Namba huja baadaye kuandika kile ambacho simulizi imekwisha kuamua.

Ney wa Mei na Ney wa Septemba

Hakuna mtu anayeiumbua tarakimu ya kudumu kama Marshali Michel Ney. Novemba 1812, akiwa nyuma kabisa ya jeshi lililokuwa likirudi kutoka Moscow, alikatiwa njia, akakataa kujisalimisha, akavuka mto Dnieper usiku juu ya barafu iliyokuwa ikivunjika, na kuwafikia wenzake akiwa na watu wasiotimia elfu moja. Mei 1813, huko Bautzen, alipewa upande wa kushoto wa jeshi ili aifunge njia ya adui ya kurudi nyuma, na hakuifunga. Tarehe 6 Septemba 1813, huko Dennewitz, alishindwa vibaya. Tarehe 18 Juni 1815, huko Waterloo, aliongoza mashambulizi ya wapanda farasi yasiyokuwa na askari wa miguu wa kuyasaidia. Tarehe 7 Desemba mwaka huo alipigwa risasi na Wafaransa wenzake. Mbunifu hukusanya haya yote, hutafuta wastani, na kumwandikia namba ya kati, au kumpa ujasiri mkubwa na mkakati mdogo. Huo wastani haumwelezi Ney wa siku yoyote kati ya hizo.

Pigano la Dennewitz lastahili kutazamwa kwa karibu. Jeshi lililotakiwa kuuteka mji wa Berlin lilikuwa chini ya Oudinot, ambaye alishindwa huko Grossbeeren tarehe 23 Agosti. Napoleon hakumwondoa, alimleta Ney juu yake, na Oudinot akabaki na kikosi chake chini ya mtu aliyechukua nafasi yake. Kabla ya hapo Ney alikuwa amempoteza mnadhimu wake mkuu, Jomini, mwanazuoni wa vita ambaye alinyimwa cheo baada ya Bautzen kwa uadui wa Berthier, na ambaye Agosti hiyo alivuka upande wa pili na kujiunga na Urusi. Siku ya pigano upepo ulipeperusha vumbi hadi uwanja hauonekani. Ney alijitosa kwenye mapambano ya upande wake wa kulia, akapigana kama askari, na kuacha kuliona pigano zima. Upande wa kushoto, Reynier alikuwa akielekea kushinda kwa msaada wa Oudinot. Hapo ndipo Ney alipotuma amri kwamba Oudinot aende kulia. Reynier alimsihi Oudinot abaki, au angalau aache sehemu ya askari wake. Oudinot alikataa. Amri ni amri. Aliitekeleza neno kwa neno, kwa utiifu ambao ni vigumu kuutofautisha na kisasi. Upande wa kushoto ukavunjika, na jeshi lote likafuata.

Sasa mbunifu aketi na kalamu yake. Kosa ni la nani? Ni la Ney, aliyeitoa amri bila kuona. Ni la Oudinot, aliyeona na asiseme. Ni la Berthier kwa kiasi fulani, kwa kuwa bila uchungu wa Jomini huenda amri hiyo isingeandikwa. Ni la Napoleon, aliyewaweka wawili hao pamoja, naye akawa mbali. Na ushindi je? Jemadari mkuu wa upande wa pili alikuwa Bernadotte, yule yule wa 1806, ambaye sasa alikuwa mrithi wa ufalme wa Uswidi. Lakini waliobeba pigano kwa muda mwingi wa siku ni Bülow na Tauentzien na Waprusia wao. Bernadotte alifika jioni. Katika mchezo ambao kete kuu ndiyo inayohesabiwa, Bernadotte amemshinda Ney kwa tofauti ya namba zao. Sentensi hiyo ni sahihi kikanuni, na kila kilichotokea Dennewitz kimo nje yake.

Hapa ndipo inapofaa kumrudia Wellington. Mwaka 1836, alipoulizwa kuhusu ule usemi wake, alieleza kwa maandishi yaliyohifadhiwa na Stanhope kwamba ni kweli alikuwa akisema hivyo, lakini kwamba ilikuwa namna ya kuzungumza kwa wepesi, isiyopasa kuchukuliwa kana kwamba Napoleon akifika jeshi huongezewa askari 40,000. Akatoa sababu. Mojawapo ni kwamba Napoleon alikuwa jemadari mkubwa, pengine mkubwa kuliko wote. Lakini alikuwa pia mtawala wa nchi. Rasilimali za dola na jeshi lake zilikuwa mikononi mwake. Na alipokuwapo, ugomvi na wivu wa marshali wake ulinyamaza. Kwa maneno mengine, mtu yule yule anayetajwa kuwa mwasisi wa namba alikana kwamba namba ni ya mtu. Sehemu kubwa ya zile 40,000 zilikuwa kiti cha enzi, na sehemu nyingine zilikuwa ukimya wa Oudinot na Ney wakiwa mbele yake. Dennewitz inaonyesha kilichokuwa kikitokea Napoleon asipokuwapo. Anayetaka kuuchapisha usemi wa Wellington kwenye kijitabu cha kanuni na auchapishe wote.

Isitoshe, hata huyo Napoleon si mmoja. Kuanzia 1796 hadi 1814 amri zake ziligeuzwa kuwa maandishi na kupelekwa na Berthier. Mwaka 1809, Berthier alipoachiwa jeshi peke yake kwa siku chache za Aprili, vikosi vilitawanyika vibaya hadi Napoleon alipofika Donauwörth tarehe 17. Kwa hiyo Berthier peke yake anastahili namba ya chini sana, na hivyo ndivyo anavyozoeleka kudharauliwa. Lakini tarehe 1 Juni 1815 Berthier alianguka kutoka dirishani huko Bamberg akafa, na siku 17 baadaye Napoleon alipigana Waterloo akiwa na Soult katika kazi ile. Kete ya Napoleon inayochapishwa kwa namba ile ile ya 1805 na 1815 ilikuwa ya watu wawili, mmoja wao akiwa kaburini. Hali ni hiyo hiyo kwa Blücher. Huko Ligny, tarehe 16 Juni, mzee huyo wa miaka 72 alipokuwa amelaliwa na farasi wake, Gneisenau ndiye aliyelielekeza jeshi la Prusia kurudi nyuma kuelekea Wavre, njia iliyoliwezesha kufika Waterloo siku mbili baadaye.

Kutuzov wa Tolstoy

Wanaoipinga namba hukimbilia kwa Tolstoy, na ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba mchezo wa mwaka 1980 uliotajwa hapo juu umechukua jina la riwaya yake, Vita na Amani, iliyotoka kati ya 1865 na 1869. Thomas Carlyle, katika mihadhara yake ya 1840, alimweka Napoleon miongoni mwa mashujaa wanaoitengeneza historia, japo kwa masharti. Tolstoy alijibu kwamba hakuna awatengenezaye wengine. Huko Borodino, kwa mujibu wake, amri za Napoleon hazikuweza kutekelezwa kwa kuwa hali ilikuwa imebadilika kabla hazijafika, na mafua aliyokuwa nayo siku hiyo, ambayo wanahistoria walibishana juu yake, hayakuamua lolote. Katika mchezo wenye itikadi hiyo kila kete ya jemadari ingeandikwa sufuri.

Jibu hilo halifai, na anayelivunja ni Tolstoy mwenyewe. Baada ya kuwanyima majemadari wote uwezo, anamgeukia Kutuzov na kumpa hekima. Kutuzov anasinzia kwenye baraza la kabla ya Austerlitz kwa sababu anajua kwamba mipango haina maana, Kutuzov anangoja, Kutuzov anaisikia roho ya jeshi. Hiyo nayo ni namba, na ni ya juu. Mtunzi aliyeukana usawiri wa shujaa alilazimika kumsawiri shujaa wa kutotenda, kwa kuwa riwaya isiyo na tofauti baina ya mtu na mtu haisomeki. Zaidi ya hayo, anamwokoa Kutuzov kwa njia ambayo wabunifu wangejifunza kwayo: anamwonyesha akiwa chini ya Mfalme Alexander kabla ya Austerlitz, jemadari kwa jina, asiyeweza kuizuia vita asiyoitaka, kisha mwaka 1812 akiwa na madaraka zaidi. Ni mtu yule yule, na namba yake ingekuwa nyingine kwa kuwa aliyesimama nyuma yake ni mwingine. Mchezo unaomtoza Kutuzov alama kwa Austerlitz haujauliza nani alitoa amri.

Utenzi wa kale ulikuwa mwaminifu zaidi katika jambo hili. Katika Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, Ali anapowaangusha maadui kwa wingi usiohesabika, msikilizaji anajua kwamba anasikia sifa, na kwamba sifa hiyo ina lengo. Chuku haijifichi. Tarakimu iliyo kwenye kete ni sifa iliyovua mavazi ya sifa na kuvaa ya hesabu.

Pingamizi la mchezaji

Limebaki pingamizi moja lenye nguvu. Inasemwa kwamba bila namba mchezo hauwezekani, kwa kuwa mchezaji mwerevu akipewa jeshi la Mack hataliacha lizingirwe Ulm na kujisalimisha kama ilivyokuwa Oktoba 1805. Anajua kitakachotokea. Atatembea kwa wakati, na historia itapotea. Hoja hii ina uzito na haifutwi kwa dhihaka. Lakini inapaswa kusemwa wazi inadai nini. Katika Kriegsspiel ya Reisswitz, iliyotumiwa na jeshi la Prusia kuanzia 1824, jemadari hakuwa na namba yoyote. Aliyepimwa ni ofisa aliyecheza, gizani, akipata habari chache kutoka kwa mwamuzi. Kosa lilitokana na kutojua. Wabunifu wa baadaye walimpa mchezaji macho ya kuona ramani nzima, kisha, walipoona kwamba haelekei kukosea, wakamwekea namba ili imkosee badala yake. Mack hakushindwa kwa kuwa namba yake ilikuwa ndogo. Alishindwa kwa kuwa hakujua Wafaransa walikuwa wapi, na kwa kuwa Warusi aliowangojea walikuwa mbali. Namba ya Mack ni kiraka kilichowekwa mahali pa ukungu.

Ndipo inapoonekana kwamba si kila namba ni mbaya, na kwamba baadhi ya wabunifu wamelijua hilo vizuri kuliko watetezi wao. Herufi ya ukuu katika Empires in Arms, inayomlazimu mchezaji kumwachia uongozi mkubwa wa cheo hata kama aliye chini yake ni bora, ina fasihi nyingi kuliko tarakimu tatu zilizo kando yake, maana inasema jambo kuhusu watu wawili. Richard Borg, katika Commands & Colors: Napoleonics wa mwaka 2010, hakumpa jemadari namba; ubora wa uongozi umo katika idadi ya karata zinazogawiwa kila upande kwa pigano fulani, kwa hiyo hukumu ni ya jeshi zima na ya siku hiyo tu. Kevin Zucker, katika Napoleon at Bay wa mwaka 1978 unaohusu kampeni ile ile ya 1814, aliuliza swali ambalo wengine hawakuliuliza: jemadari atafanya nini amri isipomfikia? Kikosi kilichopokea amri hutembea. Kisichopokea hurushiwa dadu, na namba ya jemadari wake ndiyo inayoamua kama atathubutu kwenda. Namba hiyo haisemi kwamba mtu ni hodari. Inasema jinsi anavyotenda akiwa peke yake, mbali na anayemwogopa na anayemtegemea, na haifanyi kazi pasipo uhusiano huo.

Kinachohitajika ni kuisogeza kazi ya Zucker hatua moja mbele, na kuacha kudhani kwamba kete moja yatosha kwa mtu mmoja. Mchezo wa kampeni ya 1813 uliobuniwa kwa msingi huo ungekuwa na Ney wawili: mmoja wa Mei, Jomini akiwa kando yake, na mwingine wa Septemba, asiye na Jomini. Oudinot naye angekuwa na kete mbili, na ya pili ingewekwa ubaoni asubuhi ambayo Ney anafika kuchukua nafasi yake.